Magunia Sita ya Uwele

Uliza mtu yeyote katika kile kijiji cha upande wa Mlali ni nani mwenye sauti inayoshinda kengele ya kanisa, utaelekezwa kwa Anyesi Ndahani papo hapo. Sauti ile hakuzaliwa nayo. Aliipatia shambani, juu ya dungu, lile jukwaa la miti ambalo watu wa huku hupanda kuamia ndege uwele unapokomaa. Alipandishwa dunguni akiwa na miaka saba, alfajiri, na kuteremshwa jua likizama, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kupiga kelele na kurusha mawe kwa teo ili kwelea kwelea wasitue. Leo ana miaka hamsini na tisa, ana wajukuu wanane, na kiongozi wa kwaya amemwomba kwa adabu zote asimame mstari wa nyuma kabisa. Hata huko nyuma anasikika yeye.

Nayasema haya mapema usije ukadhani nakusimulia habari za mama mnyonge. Anyesi ni mtu wa kusema, tena wa kusema mbele za watu, na mara nyingi anachosema ni kweli, jambo linalowaudhi wanaume wa kijiji kuliko kama angekuwa anadanganya.

Ugomvi wake wa maisha ni uwele. Alipoolewa na Zablon, miaka arobaini iliyopita, mahindi yalikuwa yameshaingia kijijini kwa kishindo. Mwenye mahindi alionekana mtu wa maendeleo; mwenye uwele alionekana amesahaulika porini. Sembe nyeupe ikawa chakula cha wageni, cha arusi na cha mwalimu, uwele ukaachiwa mabibi na kuku. Zablon mwenyewe alikuwa mpenzi wa sembe kufa na kupona. Siku ya kwanza bibi arusi alipomwekea mezani ugali wa uwele, ule wenye rangi ya majivu, alimuuliza kwa upole kama amemwona ana mabawa.

Shamba lao la ekari nne likajigawa bila kikao. Ekari mbili za Zablon, mahindi. Ekari mbili za Anyesi, uwele, na pembeni mistari michache ya mtama. Kila mwaka Zablon alilima kwa matumaini mapya kabisa, na miaka mingi mahindi yake yalifika kiunoni, yakachanua vizuri, yakangoja mvua, yakafa. "Mwaka huu mvua imenionea," alikuwa akisema, na kila mwaka ilikuwa ni mwaka huu. Anyesi alimwekea ugali wa uwele na mlenda wa karanga, naye Zablon akala, akaomba wa pili, huku bado amekasirikia mawingu.

Msimu ninaousimulia haukuwa na tofauti, isipokuwa ulikuwa mbaya zaidi. Mvua ilianza vizuri Desemba, watu wakaimba. Katikati ya Januari mbingu zikafunga kwa wiki tano. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na wakati huo hindi halina subira hata ya siku kumi. Kijiji kizima mashamba yakageuka rangi ya makuti makavu. Uwele wa Anyesi ulijikunja majani ukatulia. Mvua iliporudi mwishoni mwa Februari ukajikunjua, ukaendelea pale ulipoishia, na Juni kihenge chake, ghala la fito lililokandikwa udongo nyuma ya nyumba, kilijaa hadi shingoni. Si yeye peke yake. Kila nyumba iliyokuwa na bibi king'ang'anizi ilipata kidogo.

Mwezi huo huo shule ya kijiji iliita kikao cha wazazi. Mwalimu mkuu alikuwa Silvano, mtu mpole aliyehamishiwa huku kutoka kusini, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapokuwa na habari mbaya. Siku hiyo aliifuta kwa muda mrefu.

"Wazazi wangu," alisema, "mahindi yaliyochangwa kwa ajili ya chakula cha mchana ni gunia moja na nusu. Watoto ni mia mbili na kumi. Wengine wanatoka nyumbani hawajatia kitu mdomoni, wanatembea saa nzima. Mkiona hakuna njia, Julai tukifungua nitalifunga jiko."

Watu wakainamisha vichwa. Kufunga jiko maana yake kila mtu aliijua, kwa kuwa lilishawahi kufungwa: watoto wa mbali wanaacha kuja, na wanaokuja wanalala juu ya madaftari saa tano asubuhi.

Anyesi akasimama. "Mbukwenyi!"

"Mbukwa!" wakamwitikia, wengine wakicheka tayari, maana salamu yake ile ilitosha kuamsha mtoto mgongoni mwa mama yake.

"Mahindi hayapo, hayo tumeyalilia yamekwisha. Uwele je? Nani hapa hana hata debe moja nyumbani? Kwa nini tunafunga jiko wakati chakula kipo vihengeni?"

Aliyejibu ni Gerson, mwenyekiti wa kamati ya shule. Gerson ni rika la Anyesi, mtu mrefu anayependa mambo yaende kwa utaratibu, na ambaye kwa miaka kumi na tano hajawahi kukubaliana naye kikaoni hata kuhusu saa. "Mama Kefa," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "wale ni watoto, si kwelea kwelea. Huko mjini watasema Mlali wamerudi enzi za njaa."

Kicheko kikapita. Anyesi alingoja kiishe.

"Enzi za njaa nazikumbuka kuliko wewe. Ulikuwa unakuja kwetu kula, na hukuuliza rangi ya ugali. Bibi shamba alipopita hapa alituambia nini? Kwamba uwele una madini ya kuongeza damu, na kwamba wasichana wetu wakubwa wana upungufu wa damu. Mlipiga makofi, mkaenda nyumbani mkawapikia sembe tupu. Nipeni mwezi mmoja. Watoto wakikataa kula, mimi Anyesi nitasimama hapa mbele yenu niseme nilikosea, na jiko lifungwe."

Ndivyo jambo lilivyokatwa. Mwezi mmoja wa majaribio, kuanzia siku ya kufungua. Watoto wakila, uwele unabaki hadi mavuno yajayo. Wakikataa, jiko linafungwa na Anyesi anakaa kimya kwenye vikao vya shule, masharti hayo ya mwisho yakiwa yameongezwa na Gerson mwenyewe kwa furaha isiyofichika.

Michango ikaja kwa sado, yale makopo ya lita nne, na kwa madebe, kila nyumba na kidogo chake, hadi yakajaa magunia sita. Mwalimu Silvano aliyaona akafuta miwani kwa furaha. Zilikuwa zimebaki siku tatu shule ifunguliwe, na hapo ndipo kosa lilipoingia, nalo liliingia kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, likakaribishwa.

Mashine ya kusaga kijijini ni moja, ya Hamidi, kijana mwenye asili ya Kondoa ambaye baba yake alihamia huku na duka la nguo. Hamidi alikuwa na msiba Chemba, mjomba wake amefariki, na angefunga mashine kesho yake asijue atarudi lini. Gerson akaja kwa Anyesi mbio mbio.

"Tusage yote leo. Magunia yote sita. Mahindi siku zote tunasaga ya mwezi mzima, tunaweka stoo, kazi imekwisha."

Anyesi alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama mikononi. Alimkumbuka mama yake amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia kila asubuhi ya Mungu, akisaga uwele wa siku ile na pengine wa kesho, basi. Hata akiwa mgonjwa. Hata siku ya kupura, wakati mikono inauma. Yeye Anyesi mwenyewe, na mashine ipo, hupeleka sado moja kila baada ya siku mbili tatu, kama wanawake wote wa kijiji. Kwa nini, hakuwahi kujiuliza. Ndivyo unga wa uwele unavyosagwa.

Sasa akajiuliza, na akajijibu haraka mno. Mama alisaga kila siku kwa sababu jiwe lilikuwa dogo na mikono ni miwili. Yale yalikuwa mateso ya wanawake wa zamani. Angekuwa na mashine ya Hamidi, asingepiga goti hata mara moja kwa wiki. Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo baadaye alilikiri mwenyewe: alikuwa ameshashinda kikaoni, ushindi bado ulikuwa mtamu, na hakutaka Gerson aone kwamba uwele wake una masharti ambayo mahindi hayana.

"Sageni yote," akasema.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya raha. Mpishi wa shule, Mwanahawa, alikuwa na mkono mwepesi. Alisonga ugali wa uwele ukawa laini, akauandamanisha na maharage siku moja na mlenda siku nyingine. Watoto waliutazama, wakanusa, wakaonja, na siku ya tatu walikuwa wanagombania ukoko. Anyesi alipita shuleni kila siku akijitia ana shughuli ya upande ule. Njiani alimpungia mkono kila aliyekuwa mwanakamati. Zablon alimwambia apunguze, akasema hawezi.

Wiki ya pili, Jumatano, mtoto mmoja akasema ugali unanuka. Alhamisi wakasema wengi. Ijumaa nusu ya chakula kilirudi jikoni. Jumatatu iliyofuata watoto walitia tonge mdomoni na kutema, wakamwaga sahani zao nyuma ya jiko, na hata kuku walikuja, wakadonoa, wakaondoka polepole.

Kufikia jioni habari ilikuwa imeshatiwa chumvi kila kona. Kwamba Anyesi alichanganya uwele wake wa mwaka juzi uliooza. Kwamba uwele una sumu, ndiyo maana wazee waliuacha. Gerson akalifunga jiko kwa muda na kuita kikao Alhamisi.

Anyesi alikwenda shuleni Jumanne asubuhi. Mwanahawa alimpokea machozi yakimlengalenga. "Shikamoo, mama. Nimebadilisha maji. Nimesugua sufuria kwa majivu. Sijui nimekosea wapi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe unga."

Alichota kidogo kwa vidole akatia mdomoni. Kwanza ikaja harufu, ya mafuta yaliyokaa kikaangoni wiki nzima. Kisha uchungu, ukashika nyuma ya ulimi ukakataa kutoka. Anyesi alisimama pale stoo, magunia matatu ya unga mbele yake, na akaelewa. Katika maisha yake yote, mtu aliyezaliwa ndani ya uwele na kuulima miaka hamsini, hakuwahi kuona unga wa uwele wenye wiki mbili. Hakuna aliyewahi. Haukuwa unaachwa ufike huko. Punje ile ndogo ina mafuta mengi kwenye kiini chake. Ikiwa nzima inakaa miaka kihengeni bila neno, ikishavunjwa mafuta yanaanza kuchacha. Mama yake hakuwa mtumwa wa jiwe. Alikuwa anajua kazi yake, na bintiye alimhurumia miaka arobaini bure.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni. Akapita kwa Hamidi, aliyekuwa amerudi kutoka msibani, akampa pole kwa mjomba, kisha akamuuliza.

"Mama," Hamidi alisema akipangusa mikono, "huu mwaka wa kumi na moja nasaga hapa. Sijawahi kuletewa uwele wa gunia. Mahindi ndiyo huja kwa gunia. Uwele unakuja kwa sado, kwa debe tukizidisha sana. Siku ile nilishangaa, lakini nikasema, akina mama ndio wenye uwele wao, mimi nani?"

"Ungesema, Hamidi."

"Nani angenisikiliza, mama, na wewe mwenyewe ulikuwa umesimama pale umeshika kiuno?"

Hilo alilimeza, maana lilikuwa kweli.

Mwalimu Silvano alimfuata nyumbani jioni ile. Kwa upole wake alikuwa ametafuta njia ya kumwokoa. "Mama Kefa, yale magunia mengine yaliwahi kuwa ya mbolea. Tukisema magunia ndiyo yaliyoharibu unga, hakuna atakayebisha. Wewe hutaaibika, na tutaomba wazazi wachange tena."

Lilikuwa wazo zuri, na Anyesi alilitamani. Alilitamani kwa dakika nzima, akimtazama mwalimu na miwani yake. Halafu akaliona lilivyo. Wazazi watachanga tena, kwenye magunia mapya masafi. Watasaga tena ya mwezi mzima. Baada ya wiki mbili watoto watatema tena, na safari hiyo hakuna atakayetaka kusikia neno uwele shuleni hadi Anyesi aingie kaburini.

"Asante sana, mwalimu," akasema. "Lakini magunia hayana kosa. Mimi ndiye."

Kusema hivi kwa mwalimu ni rahisi. Kumwambia mume ni kazi nyingine. Zablon alikuwa amekaa kwenye kigoda akisuka kamba. Anyesi alimweleza yote, tangu Gerson alipokuja mbio hadi uchungu wa ulimini, hakubakiza kitu.

"Kwa hiyo unataka nini?" Zablon akauliza.

"Michango ya watu imeharibika mikononi mwangu. Nataka kutoa magunia mawili kihengeni, watoto waanzie hapo."

Zablon aliacha kusuka. Magunia mawili ni miezi mingi ya chakula chao wawili na wajukuu wanaokuja likizo. Mavuno mengine yalikuwa mbali, na mvua anayeijua ni Mungu. Anyesi alijua haya yote, na Zablon alijua kwamba anayajua.

"Mahindi yangu yako wapi?" Zablon akasema hatimaye. "Tangu mwaka jana nakula jasho lako. Katika kihenge hicho mimi sina kura." Akainuka, akakung'uta suruali kutoa vumbi. "Lakini mwakani nalima mahindi. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa." Na akaenda kutoa kifuniko cha kihenge mwenyewe.

Alhamisi wazazi walijaa kuliko siku yoyote. Watu wa huku hawakosi kikao chenye mtu wa kuaibishwa. Waliwakuta Anyesi na Mwanahawa nyuma ya sufuria mbili za ugali, zote zikitoa mvuke. Gerson alikuwa ameandaa maneno yake kwenye karatasi, lakini Anyesi hakumngoja aifungue.

"Mbukwenyi. Nilisema watoto wakikataa nitasimama niseme nilikosea. Nimesimama. Sufuria hii ni unga uliokuwa stoo. Hii nyingine ni uwele wa kihengeni kwangu, mbegu ile ile na msimu ule ule, umesagwa leo asubuhi. Pokeeni, onjeni zote mbili."

Wakaonja. Sura zikakunjamana kwa ya kwanza, zikakunjuka kwa ya pili. Mzee mmoja alirudia ya pili ili, alivyosema, apate uhakika.

"Uwele hauna sumu," Anyesi akaendelea, "na wa kwangu haukuwa wa mwaka juzi. Unga wa uwele haulali wiki mbili. Mimi niliyezaliwa nao nilipaswa kujua, na kuna kitu rohoni kilinizuia, nikakipuuza. Nilijiona mjanja kuliko mama yangu. Kosa ni langu, magunia yenu yameharibika kwa neno langu. Nimetoa mawili yangu, yako kwenye baiskeli ya Zablon pale nje. Mkitaka kufunga jiko, fungeni. Lakini msilifunge kwa sababu ya uwele. Lifungeni kwa sababu ya Anyesi."

Akakaa.

Gerson akakohoa, akakunjua karatasi. "Basi, wazazi, mmesikia wenyewe. Makubaliano yalikuwa..."

"Mimi nilijua."

Sauti ilitoka upande wa akina mama, nayo ilikuwa ya Ruthu, mke wa Gerson, mama mtulivu ambaye katika vikao vyote hivyo hakuwahi kufungua kinywa isipokuwa kwa sala. Gerson aligeuka kama aliyechomwa na mwiba.

"Nilijua," Ruthu akarudia, ameshika mwisho wa khanga. "Mume wangu alirudi nyumbani akasema tumesaga yote sita. Nikasema moyoni, utachacha ule. Nikanyamaza. Nilidhani kwa kuwa ni mambo ya kamati, na mwalimu ameandika, labda wana dawa wanatia. Kwangu silazi unga wa uwele zaidi ya siku tatu. Mama yangu hakulaza, na bibi hakulaza."

Mama mwingine akasema, "Hata mimi nilijua." Na mwingine, kwamba alimwambia dada yake wakiwa kisimani. Na mwingine, kwamba aliuona unga ukipakiwa akaguna tu. Mwalimu Silvano, ambaye ugonjwa wake ni kuhesabu, akaomba waliojua wanyooshe mikono. Alifika thelathini na moja akaacha, maana mikono ilikuwa bado inanyooka.

Wanaume walitazamana. Anyesi alitazama ile mikono, na kwa muda hakujua acheke au alie. Akafanya vyote viwili kidogo kidogo. Siku zote alidhani yeye ndiye mwenye uwele hapa kijijini, mlinzi wake wa mwisho. Na hapa palikuwa na kijiji kizima cha wanawake wanaojua, wamekaa kimya miaka yote kwa sababu hakuna aliyewauliza, na yeye mwenyewe, pamoja na mdomo wake wote, alikuwa mmoja wa wasiowauliza.

"Basi msinyamaze tena," akawaambia, na safari hii hakupaza sauti. "Niambieni tufanyeje."

Walimwambia. Walimwambia wote kwa pamoja, ikabidi mwalimu aandike mbio. Uwele usikusanywe stoo. Ubaki vihengeni kwa wenyewe, ukiwa punje. Jumatatu na Alhamisi kaya tano za zamu zipeleke debe moja moja kwa Hamidi asubuhi, na unga uende jikoni siku ile ile, wa siku hizo tu. Unaobaki uliwe kabla ya mwingine kusagwa. Waanze na magunia ya Mama Kefa, kisha zamu zifuate, na kila zamu ijayo itoe sado ya ziada hadi magunia yake mawili yarudi kihengeni. Hilo la mwisho Anyesi alilipinga na akashindwa kwa kura, mara ya kwanza maishani mwake kushindwa kikaoni akiwa na furaha.

Gerson alikuwa bado amesimama na karatasi yake. Aliitazama, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Mtu wa utaratibu ni mtu wa utaratibu.

"Zamu ya kwanza baada ya magunia haya," akauliza, "ni ya nani?"

"Ni yetu," Ruthu akasema, kabla mumewe hajafunga mdomo.

Zamu hiyo iliangukia Jumatatu moja ya Agosti, na upepo wa baridi ulikuwa unapeperusha vumbi. Anyesi alipita kwa Hamidi saa mbili asubuhi na kumkuta mwenyekiti wa kamati kwenye foleni ya akina mama, debe miguuni, koti limefungwa hadi kidevuni. Zamu yake ilipofika alisimama karibu na mashine hadi punje ya mwisho ikaingia, akatia mkono kwenye unga, akanusa, akaonja, akaonja tena.

"Mwenyekiti," Anyesi akamwita, "karibu nyumbani tunywe chai. Tuna maneno ya kumaliza mimi na wewe."

"Yatamalizwa kesho, Mama Kefa," Gerson akajibu, akilifunga debe kwa kamba nyuma ya baiskeli. "Wewe ukianza kusema huu utachacha."

Akaikokota baiskeli haraka haraka kuelekea shuleni, unga ukiwa bado wa moto.